Gwaride la bendera na fanfari: juu ya nini sheria za mashindano zinaleta ubishi?

Siku ya defile hapa Kisangani, watu hawaji kuangalia tu. Wanakuja kuhukumu. Fanfari ya masomo moja inapita, majoreti mbele, bendera juu, tamburi nyuma. Halafu inafuata nyingine. Pembeni ya barabara ubishi umekwisha kuanza: hawa wamepiga hatua sawasawa, wale wana nguo nzuri zaidi, na hawa wengine ni watoto wadogo, mnawalinganisha namna gani na wakubwa wa sekondari? Hakuna mtu aliyetangaza mashindano, lakini kila mmoja amekwisha kuchagua mshindi wake.

Iwe ni tarehe 30 mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, au tarehe 30 mwezi wa ine, siku ya walimu na elimu, maneno ni yale yale. Na siku watu wanapoamua kufanya mashindano ya kweli, yenye kombe na juri, ubishi huo unazidi. Wazazi wametoa franka za nguo. Watoto wamefanya mazoezi wiki nyingi juani. Kikundi kimoja kinatoka kinalia, kingine kinaimba, na mara nyingine majirani wa kartie moja hawasalimiani tena.

Nyuma ya ugomvi wa namna hiyo kuna maswali mawili: nani anashindana na nani, na pointi zinahesabiwa namna gani? Kuna nchi ambako watu wamebishana juu ya maswali hayo kwa miaka mingi, wakaandika sheria, wakazibadilisha, wakabishana tena. Kuna pia historia yetu wenyewe, ya watu wa Kiswahili, ambayo wengi wameisahau.

Mchezo wenyewe ni gani?

Katika majeshi ya zamani, askari waliobeba bendera walikuwa na walinzi wao. Bendera ikianguka mikononi mwa adui, ilikuwa haya kwa kikosi kizima. Huko Marekani, desturi hiyo ilitoka jeshini ikaingia kwenye fanfari za vijana, na mwishowe ikawa sanaa ya peke yake. Wanaiita color guard, maana yake walinzi wa bendera.

Leo vijana wake hawalindi kitu tena. Wanazungusha bendera, wanarusha bunduki za mbao hewani na kuzidaka, wanachezea visu virefu visivyokata, na kati ya hayo wanacheza dansi. Wakati wa joto wanatembea pamoja na fanfari uwanjani. Wakati wa baridi wanaingia ndani ya majumba ya michezo, wanatandika zulia kubwa chini, na kucheza kwa muziki uliorekodiwa.

Mtu wa Kisangani akiona hayo, atafikiri mara moja majoreti na fimbo yake. Hajakosea. Ni watu wa ukoo mmoja: nidhamu ya askari imegeuzwa kuwa mchezo wa vijana.

Zamani, kila kosa lilikatwa

Kwa muda mrefu mashindano ya fanfari Marekani yalisimamiwa na vyama vya askari wa zamani. Kwa hiyo sheria zilifanana na ukaguzi wa kambini. Waamuzi walitembea uwanjani na karatasi mkononi. Kila kikundi kilianza na pointi zote, na kila kosa lililoonekana lilikatwa sehemu ya kumi ya pointi. Mguu mmoja umechelewa, kata. Bendera moja imeinama vibaya, kata. Sauti moja ya tarumbeta imepotea, kata.

Faida ya sheria hiyo ni kwamba kila mtu aliielewa. Ubaya wake, vikundi viliogopa kujaribu mambo magumu. Juu ya nini urushe bunduki juu sana, kama kuiangusha kutakukata pointi, na kutoirusha hakutakukata kitu? Kikundi kilichofanya kidogo bila kosa kilishinda kile kilichofanya makubwa na makosa machache.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, viongozi wa fanfari wenyewe walichoka. Walianzisha shirika lao, Drum Corps International, na mwaka 1972 wakafanya fainali yao ya kwanza katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1977, watu wa gwaride la bendera nao wakaanzisha la kwao kwa mashindano ya ndani, Winter Guard International. Na mwaka 1984, Drum Corps International iliacha kabisa kukata pointi kosa kwa kosa. Tangu hapo mwamuzi anaanza chini na kupanda: anatoa pointi kwa kile alichokiona, kwa ugumu wake na uzuri wake.

Hapo ubishi mpya ukazaliwa. Kosa linahesabika. Uzuri je? Wazee walisema: mmeondoa mizani, mmeleta ladha ya mtu. Vijana wakajibu: mmetufungulia mlango. Hadi leo watu hawajakubaliana wote.

Kitu kimoja ambacho mashirika hayo yalifanya ili kupunguza lawama ni kugawa kazi ya waamuzi. Katika gwaride la bendera la ndani, mmoja anaangalia vyombo tu, yaani bendera, bunduki na visu. Mwingine anaangalia mwili na dansi. Mwingine anaangalia namna onyesho lilivyopangwa. Na wawili wanaangalia jambo moja kubwa: onyesho hili limemgusa mtazamaji kiasi gani? Kila mmoja ana pointi 20, jumla ni 100. Mwamuzi mmoja akikosea au akipendelea, hawezi peke yake kuzamisha kikundi. Tena kuna saa: kikundi kikipitisha muda wake, kinakatwa.

Madaraja ni kama uzito wa ndondi

Wakongomani wanajua pambano la Kinshasa la tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Wote wawili walikuwa wa uzito wa juu. Hakuna mtu ambaye angelipa tiketi kuona Foreman akimpiga mtu wa kilo 55. Ndondi ina uzito kwa sababu bila uzito hakuna mashindano, kuna kuumizana tu.

Madaraja ya gwaride ni hivyo hivyo. Katika gwaride la bendera la ndani yako matatu makubwa. La chini linaitwa A, ni la wanaojenga msingi. La katikati linaitwa Open. La juu linaitwa World, ni la wenye ujuzi mkubwa. Halafu kila daraja linakatwa mara mbili: upande mmoja vikundi vya masomo, upande mwingine vikundi huru.

Juu ya nini kukata hivyo? Kikundi cha masomo kinachukua watoto wa masomo yake. Kama mwaka huu wenye ujuzi wamemaliza na kuondoka, basi, kinaanza upya na wale waliobaki. Kikundi huru kinaweza kuita vijana kutoka miji yote na kuchagua wakali. Ukiwaweka pamoja, umekwisha kujua nani atashinda kabla ya muziki kupigwa.

Jambo la kuelewa ni kwamba mwamuzi wa daraja la chini haangalii kwa jicho la daraja la juu. Karatasi yake ni nyingine. Pointi 80 za A si sawa na pointi 80 za World. Ni kama mitihani ya darasa la sita na ya mwisho wa sekondari: mtoto wa darasa la sita anaweza kupata alama nyingi kuliko kaka yake, lakini hawakuulizwa maswali mamoja.

Pale ubishi unapowaka

Ubishi wa kwanza ni wa kupanda daraja. Kikundi kinajua kimekwisha kukomaa, lakini kinabaki chini ili kichukue kombe kila mwaka. Wadogo wanachoka na kuacha. Kwa hiyo shirika linajipa haki ya kukipandisha kwa nguvu kama pointi zake zimezidi daraja lake. Lakini kupandishwa nako kunaweza kuumiza: kikundi kilichokuwa cha kwanza kinajikuta cha mwisho, wazazi wanauliza mwalimu amefanya nini, na watoto wanaacha pia. Sheria nzuri inapaswa kuwaangalia wote wawili, yule anayejificha chini na yule anayesukumwa juu kabla ya wakati.

Ubishi wa pili ni wa miaka. Kila daraja la vijana lazima liseme mwisho wa miaka. Katika fanfari za vijana za Drum Corps International, kijana akipita miaka 21 anatoka. Huku kwetu, mtu yeyote anayefuata mpira wa vijana anajua shida hiyo: karatasi inasema 16, ndevu zinasema kitu kingine. Sheria ya miaka bila namna ya kuhakikisha miaka ni mlango wa uongo.

Ubishi wa tatu ni wa vyombo, na ndani yake kuna pesa. Mwaka 2004, Drum Corps International iliruhusu mikrofoni na vipaza sauti uwanjani. Mwaka 2009 ikaruhusu vinanda vya umeme. Waliokubali walisema muziki utakuwa tajiri zaidi. Waliokataa waliuliza swali rahisi: nani atavinunua? Kikundi kikubwa kitaleta gari lililojaa mashine, kikundi cha mji mdogo kitaleta tarumbeta zake za zamani. Sheria haikusema "wenye pesa washinde". Ilisema tu "inaruhusiwa". Lakini kila kitu kinachoruhusiwa kina bei, na kwa mwenye mfuko mdogo, "inaruhusiwa" inaweza kuwa sawa na "umekwisha kushindwa".

Wazee wetu walikuwa na mashindano yao

Mtu asifikiri kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Kabla Drum Corps International haijazaliwa, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na ngoma ya beni. Jina linatoka kwenye neno la Kiingereza la bendi. Ilianza miaka ya 1890 huko Kenya ya leo, Lamu na Mombasa. Watu walivaa kama askari, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walitembea kwa hatua za gwaride, walikuwa na vyeo: mfalme, majenerali, makapteni, madaktari.

Na walishindana vikali. Lamu, mtaa wa Mkomani ulishindana na mtaa wa Langoni. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanga na Dar es Salaam, Marini na Arinoti. Jina la Marini linatoka kwa askari wa majini, na wengi wao walijiona watu wa juu, wenye elimu na kazi nzuri. Arinoti walikuwa na sifa ya kuwa watu wa chini.

Walikosa kitu kimoja: juri. Watu ndio waliosema nani ameshinda, na watu waliangalia nguo, karamu na wingi wa wafuasi. Kwa hiyo kila upande ulijaribu kuuzidi mwingine kwa matumizi, na mashindano ya ngoma yakageuka mashindano ya mifuko.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliitembeza beni mbali. Askari na wapagazi waliibeba kutoka kambi hadi kambi. Jeshi la Kongo, Force Publique, lenyewe liliingia Tabora mwezi wa tisa 1916. Baada ya vita, beni ilionekana hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na wakubwa wa Kibelgiji waliiangalia kwa wasiwasi: watu weusi wenye mfalme wao, majenerali wao na nidhamu yao, walikuwa wanataka nini?

Kwenye Ziwa Nyasa, ngoma hiyo ilizaa watoto wanaoitwa mganda na malipenga, na hadi leo vijiji vya Malawi vinashindana. Tarumbeta za shaba ni ghali, basi watu wakatengeneza za vibuyu. Kibuyu kila kijiji kinacho. Hapo mshindi hajulikani kwa bei ya chombo chake, bali kwa hatua, nidhamu na ubunifu. Hakuna aliyeandika hiyo kama sheria, lakini ilifanya kazi ya sheria: ilisawazisha uwanja.

Wasukuma wa Mwanza wana njia nyingine. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wanakimbia huku na huku. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo wachezaji wanatumia nyoka, fisi, sanamu, vichekesho, kila kitu cha kuvuta jicho, na watu wanasema dawa pia inatumika. Sheria ya kuhesabu watu ni ya wazi kabisa, hata mtoto anaielewa. Lakini inalipa kinachoshangaza kuliko kinachohitaji mazoezi marefu.

Kenya walichukua njia ya tatu. Mashindano ya muziki ya masomo yamegawanywa kwa ngazi, watoto wadogo na wadogo wenzao, sekondari na sekondari, vyuo na vyuo, na tena kwa aina ya wimbo au ngoma. Waamuzi wanatoa pointi, na mwamuzi anasimama mbele ya watu na kueleza alichokiona. Kikundi kilichoshindwa kinaondoka na maneno ya kufanyia kazi.

Na Zaire je? Wazee wa Kisangani wanakumbuka animasyo ya wakati wa Mobutu, vikundi vya kuimba na kucheza vya mikoa, kampuni na masomo. Mazoezi yalikuwa makali na wachezaji walikuwa hodari kweli. Lakini sheria kubwa ilikuwa moja: kusifu chama na kiongozi. Pale mwamuzi anapoangalia kwanza nani amesifiwa, hatua nzuri haina uzito. Mambo hayo yalififia baada ya tarehe 24 mwezi wa ine 1990, chama kimoja kilipomalizika.

Hapa Kisangani, mtu aanzie wapi?

Vikundi viko. Masomo yana fanfari na majoreti, maparokia yana vijana wao, Wakimbangu wana fanfari yao yenye rangi ya kijani na nyeupe inayojulikana Kongo nzima. Kama komini sita za mji, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Lubunga na Kisangani, zingetaka kukutanisha vijana wao, yako maswali matano ya kujibu mapema, kabla ya kununua kombe.

La kwanza, madaraja ni mangapi? Mawili yanatosha kwa kuanza: primeri peke yake na sekondari peke yake. Vikundi vya parokia na kartie, vinavyochukua vijana popote, viwe na lao la tatu kama vinafika vitatu au vine. Madaraja mengi mno ni ubaya pia: kila mmoja anarudi na kombe, na hakuna aliyeshindana.

La pili, vyombo gani vinaruhusiwa? Waandaaji wakiruhusu vipaza sauti, watoe vile vile kwa wote. La sivyo, wavikataze kwa wote. Nguo zisiwe na pointi nyingi. Nguo safi zinazofanana zinatosha. Mama anayeuza pondu sokoni asilazimishwe kukopa ili mtoto wake asikatwe.

La tatu, juri ni nani? Wasiwe watu wa masomo yanayoshindana. Wawe watatu au zaidi, kila mmoja na kazi yake: mmoja muziki, mmoja hatua na nidhamu, mmoja bendera na fimbo. Pointi zibandikwe ukutani siku ile ile, zote, ili kila mtu asome. Na mwamuzi aeleze mbele ya watu, kama Kenya.

La ine, miaka inahakikishwa namna gani? Liste ya masomo yenye saini ya mkubwa wa masomo ikaguliwe wiki moja kabla, si siku ya uwanja, watu wakiwa wamekwisha kuvaa.

La tano, sheria inabadilishwa lini? Hapa ndipo mashindano mengi yanaharibika. Mtu mkubwa anafika asubuhi na kusema, "Kikundi hiki nacho kiingie," au, "Leo wimbo uwe mmoja tu." Sheria ibadilishwe baada ya mashindano kumalizika, katika kikao ambacho kila kikundi kina mjumbe, na itumike mwaka unaofuata. Kikundi kidogo kiwe na sauti moja, sawa na kikubwa.

Hata sheria nzuri haitamaliza ubishi wa pembeni ya barabara, na hakuna haja umalizike. Ubishi wa watu wanaopenda fanfari zao ni sehemu ya sikukuu. Tofauti ni kwamba mtoto wa tamburi aliyeshindwa ataweza kusoma karatasi ukutani, kuona ni wapi alipoteza pointi zake, na kujua Jumatatu mazoezi yaanze na nini.